Sadaka ya Watoto

Juzi, kanisani mjini Bowie, harufu ya kiberiti ilinirudisha utotoni. Mchana mmoja, nikiwa mdogo, mgeni kutoka misheni ya India alikuwa ametuonyesha kanisani kwetu picha za kisima kipya na akina mama wakijifunza kushona. Kisha mchungaji akatangaza, "Sasa tutoe sadaka ya watoto kwa India."

Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumefundishwa habari za Isaka, aliyefungwa juu ya kuni ili baba yake amtoe sadaka. Mzee wa kanisa akawasha mishumaa. Nikaing'ang'ania kanga ya Mama.

"Mama, sitaki!"

"Nenda, usinitie aibu mbele za watu," akaninong'oneza, akanisukuma.

Leo najua walitaka tu penseli ambazo Mama alikuwa amenitia mfukoni, za kuwapelekea watoto wa India. Siku ile nilikwenda hadi madhabahuni, nikapiga magoti, nikainamisha shingo.