Tulivyomhani nesi, babu yake yu hai

Tuliokuwepo sebuleni ni mimi, wifi yangu ambaye ni dada wa marehemu mume wangu, binti yangu mwalimu wa skuli, jirani yangu Mbedui aliyetoka Sinaw, na nesi wa Kifilipino aliyepanga chumba chetu cha uani. Majina yao yote ninayo kichwani, ila siyaandiki. Ilikuwa Ibra, Uarabuni, miaka ya tisini, simu ni ile ya mezani tu.

Nesi aliniambia, kwa Kiarabu chake cha hospitali na Kiswahili alichookota jikoni kwangu, kwamba keshokutwa kwao ni sikukuu ya mashujaa wa vita. Babu yake alikuwa askari. Maadui waliwateka, wakawatembeza juani kwa miguu siku nyingi, wenzake wakawa wanaanguka njiani. Akaomba siku hiyo atumie simu yangu saa saba mchana. Nikamkubalia. Yaliyobaki nikajazia mwenyewe: babu kafa, na simu ni ya kuwapa pole kwao.

Basi siku yenyewe, baada ya adhuhuri, nikawaita wenzangu tumhani. Tukamkalisha kati, kahawa ikapita, wifi akamshika mkono asimwachie. Nesi ni mtoto wa adabu; hakuuchomoa mkono, macho kwenye saa ya ukutani. Saa saba ikapita, ikawa na nusu, nami ahadi ya simu nimeshaisahau. Chozi likamtoka, na jirani akamwambia alie tu, asijizuie.

Nikamwinamia nikamuuliza hasa kinachomliza.

"Bibi, babu ananingoja kwenye simu, dukani kwa watu. Kule sasa jioni. Kiza kikiingia atarudi kwake."

"Babu gani?"

"Huyohuyo mnayemlilia."

Wifi ndiye aliyeziba kimeza cha simu, naye mzito wa kunyanyuka. Siku hiyo aliruka kama mwari. Nesi akataja namba, binti yangu akapiga.

Mzee alikuwa bado yupo. Nesi akamweleza, huku analia huku anacheka, na kicheko cha mzee kikatoka kwenye simu mpaka tulipokaa.

"Anauliza kama mmemlilia vizuri," nesi akatuambia.

"Mwambie tumemlilia vya kutosha," wifi akasema. "Sasa asife mpaka tusahau."

Wakazungumza mpaka kahawa ikapoa.

Binti yangu anasema jirani hakuwepo siku ile. Mimi namwona na kikombe mkononi. Kama nimekosea, aliyekuwepo anisahihishe, siwezi kukasirika. Ila asiniambie mzee hakucheka. Kicheko hicho nilikisikia mwenyewe.