Muhuri wa Delhi Ndani ya Plastiki

Hii mtakataa kuiamini, ila ni kweli tupu: huko Brooklyn Park, Marekani, kuna mama wa Kikongo, karani wa ofisi ya nyaraka, anayeusoma muhuri wa serikali ya India kwa kidole gumba huku macho yake yakiwa dirishani. Karatasi za makampuni zikifika kutoka Delhi, huikung'uta bahasha mara mbili, huipapasa stika ya wizara taratibu kama anayempima mtoto homa, kisha hunong'ona, "Njo hii," yaani ndiyo yenyewe, na kuzipitisha. Muhuri usioguswa haupiti. Siku moja kidole kiliteleza. Mjomba Gaudens, aliyetumwa tu kuleta cheti cha kampuni ya pampu ambacho mpwa wake Elinaja alikingoja ili aifungulie tawi, alikuwa amekipiga lamineshen kisichafuke, kama alivyofanyia cheti chake cha darasa la saba. Mama akapapasa tena. Hakugomba, sauti ilizidi kushuka tu. "Papa, nani alifunga hii mu plastiki? Haitumike tena. Itabidi waanze upya kule Delhi."

Gaudens, mtu wa kujisifu hata msibani, aliona aibu. Elinaja alishaacha kazi kwa ajili ya tawi hilo. "Wahindi wenyewe, mama!" akaropoka. "Mkubwa wa wizara alisimama, akashika mashine kwa mikono yake miwili, akaniambia, 'Mzee Gaudens, hiki tukifunike ili—'"

"Papa," mama akamkata, "plastiki ingali moto."