Daku la Fatu

Nyumbani kwa Fatu, Kasingirima, hakuna aliyelala njaa. Watu walipoanza kuvuka ziwa kukimbia vita vya Kongo, wakishuka ufukweni na watoto na sufuria tupu, alipika ugali na dagaa akawapelekea bila kuombwa. Kumnyima mtu chakula aliona ni aibu kubwa kuliko kuiba. Ndiyo sifa aliyojulikana nayo Ujiji, na ndiyo iliyokaribia kumuulia mtoto.

Shadya, binti yake wa pekee, alikuwa na miaka kumi na tisa na uvimbe tumboni uliokua hadi majirani wakanong'ona kuwa ana mimba. Alilazwa mwezi wa Shaabani. Mara mbili alipangiwa upasuaji, na mara mbili majeruhi waliletwa kwa boti wakachukua nafasi. Daktari wa upasuaji alikuwa mmoja, akigawanya siku zake baina ya hospitali na kambi za wakimbizi. Ramadhani ilipoingia, Shadya hakuweza tena kulala chali, na homa haikumtoka. Akapangiwa mara ya tatu, Jumanne.

Jumatatu jioni muuguzi Marcelina, mwanamke wa Kasulu asiyependa kurudia maneno, alimwambia Fatu kwamba kuanzia saa sita usiku mgonjwa asile wala asinywe, hata maji. Fatu aliitikia, lakini moyoni alipiga hesabu yake. Marcelina ni Mkristo, aliwaza, mambo ya daku hayajui. Wanachotaka ni mtu aliyefunga, na anayefunga hula kabla ya adhana. Tangu azaliwe hajaona mtu wa kwao akifunga bila daku, sembuse mgonjwa.

Kwa hiyo kabla ya alfajiri aliamka sakafuni alipolala, akafungua chupa ya chai, akamnywesha Shadya vikombe viwili vya uji wa mchele. Kwenye kitanda cha jirani alilala Verediana, aliyevuka kutoka Uvira na kipande cha chuma begani. Naye aliambiwa asile, pengine nafasi ingepatikana. Fatu alimmiminia pia. Verediana akatikisa kichwa, akasema munganga, yaani daktari, alikataza.

"Kunywa, mwanangu. Ukizidi kukonda hivyo, upepo wa ziwa utakurudisha Uvira bila nauli."

Verediana alicheka kidogo, akageukia ukutani.

Saa tatu asubuhi machela ililetwa. Marcelina aliuliza kama mgonjwa amekula kitu.

"Ni Ramadhani, sista. Amefunga," alijibu Fatu.

Shadya alimtazama mama yake. Fatu hakuwa mwongo, lakini asubuhi ile alitumia maneno ya kweli kufanya kazi ya uongo, na kosa ni lilelile.

Walipokuwa wakiisukuma machela ukumbini, Fatu aliuliza kwa nini wanakuwa wakali hivyo juu ya tumbo. Marcelina akamweleza kwamba mtu akilazwa usingizi kwa dawa, kilichomo tumboni huweza kupanda kooni na kushuka kwenye mapafu. Mwezi wa Novemba walimzika mwanamume aliyeficha kwamba amekula ugali.

Walikuwa wamefika mlangoni. Fatu alijua kwamba akisema, nafasi imekwenda, na hajui kama mtoto ataifikia nyingine. Akaishika machela kwa mikono miwili.

"Hata uji?"

Marcelina alisimama. "Saa ngapi, Mama Shadya?"

"Kabla ya adhana. Vikombe viwili."

Machela ikageuzwa. Aliyeingia badala yake ni Verediana, ambaye hakuwa na ndugu wa kumpikia.

Zilifuata siku tisa ambazo Fatu hakuzitaja tena maishani. Tumbo la Shadya likawa gumu kama ubao. Alitapika hata maji ya kijiko. Hasna, dada yake Fatu, alikuja kumlaumu mbele ya wodi nzima, akisema vikombe viwili si kitu, angenyamaza tu mtoto angekuwa ameshapasuliwa. Fatu hakuwa na hakika kama Hasna amekosea, na hilo lilimtesa kuliko matusi.

Alhamisi ya wiki iliyofuata nafasi ikapatikana. Chupa ya chai Fatu aliiacha nyumbani. Alfajiri, midomo ya Shadya ilikuwa imepasuka.

"Mama, tone moja tu. La kulowesha ulimi."

"Hapana."

Hakuwahi kumwambia mtu yeyote neno hilo juu ya maji. Shadya alilia bila machozi, akamwita mama asiye na huruma, na Verediana, bega likiwa na bandeji, akamshika mkono mpaka kulipokucha.

Machela ikaja. Marcelina akauliza swali lake.

"Tangu saa mbili usiku hajaonja kitu," alisema Fatu. "Usiniamini mimi. Muulize mwenyewe."

Marcelina akamwinamia mgonjwa.

"Alininyima, sista," alisema Shadya, bado ana hasira. "Hata maji."

Mlango ulifungwa. Fatu akakaa sakafuni. Siku ile naye hakula daku.