Mwisho Aliosomewa Msusi

Msusi huyu hakuwahi kumaliza riwaya kwa macho yake mwenyewe, na bado mtaa mzima haukuwa na mtu mwenye maneno makali juu ya riwaya kumshinda. Mikono yake ilikuwa vichwani mwa watu tangu asubuhi, na herufi za karibu zilikuwa zimeshaanza kumkimbia. Nywele alizisuka kwa vidole, hazikumdai macho. Kwa hiyo aliweka sheria yake: anayekaa kwenye kiti chake anasoma kwa sauti. Hutaki kusoma, nenda kasukwe kwingine huku unaangalia ukuta.

Na akishasomewa, alikuwa hana dogo. Riwaya moja aliikataa kwa sababu mvua ilinyesha sura nzima na hakuna aliyeanua nguo. Nyingine aliichukia kwa kuwa mke alilia kila ukurasa na hakuna mahali alipopenga kamasi. "Huyu mwandishi hajawahi kuishi na mwanamke," alisema. "Au aliishi naye huku amelala." Mshonaji aliyegawana naye chumba alikuwa akisimamisha cherehani ili amjibu, maana yeye alipenda riwaya za kuliza. Walitoleana maneno kwa raha zao, kisha kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Riwaya moja tu haikumpa raha ya kuitukana. Aliletewa na wifi yake, dada wa mume wake.

Na hapo kwenye mume ndipo penyewe. Msusi alikuwa amemwacha. Mwanamume yule hakupenda mke mwenye kazi, na siku moja alikusanya machanuo ya mkewe, nyuzi zake na mikebe ya mafuta, akavitumbukiza vyote chooni, akanawa mikono, akaomba chakula. Msusi alimpakulia. Alimwangalia akila mpaka akamaliza, kisha akaondoka na nguo alizovaa. Tangu hapo alilala kwenye kijumba kilicho nyuma ya chumba cha kazi, na ukoo wa mume haukumpa nafasi ya kupumua. Wazee walitaka jibu moja tu: anarudi au harudi.

Wifi yeye hakuja kugombana. Alikuja kusukwa. Alikaa kitini, akafungua zipu ya mkoba, akatoa riwaya, akaisoma kwa sauti tamu ambayo hata mshonaji aliisimamishia cherehani. Ilikuwa hadithi ya mwanamke aliyemwacha mumewe, akahamia mji mwingine, akaanza kupika sabuni. Msusi alimpenda mpika sabuni kama ndugu wa tumbo moja. Wifi alikuja tena na tena, na kila alipoondoka kitabu kilirudi mkobani na zipu ikafungwa. Hata msusi alipomwomba akiache, alijifanya hakusikia.

Kisha akasoma mwisho. Mpika sabuni aliugua. Watoto wake walipita mlangoni bila kumwamkia. Alikufa kwenye chumba cha kupanga akimwita mume wake, na maji ya mwisho aliletewa na jirani aliyeziba pua. Wifi alifunga kitabu taratibu. "Ndiyo hivyo, wifi," alisema. "Dunia haina adabu kwa mwanamke wa peke yake."

Msusi alitoa povu siku hiyo. Alimwita mwandishi nyoka, akasema mtu wa namna ile hafai kupewa hata karatasi ya kufungia karanga. Lakini chini ya hasira aliogopa, na aliogopa kwelikweli. Alianza kusikiliza kikohozi chake. Aliwaza ni nani angemletea maji, na majina hayakuja. Mwishowe alikunja nguo zake, akampigia wifi simu, akamwambia kwamba Jumapili, wazee wakikaa, atasema anarudi.

Siku ileile alasiri aliingia muuguzi, mteja wake wa siku nyingi, akakaa kitini na kitabu mapajani. Mshonaji alikitambua kwa jalada.

"Kile cha mpika sabuni hicho."

"Kitoe machoni pangu," msusi alisema. "Kitabu cha hovyo. Mwandishi kamuua mtu mzima kwa roho mbaya tu."

Muuguzi aligeuka hadi chanuo likabaki linaning'inia. "Kamuua nani?"

"Mpika sabuni."

"Hafi. Mimi nimekirudia hiki, dada. Kuna mahali panachosha, na yule jirani anaongea mno, lakini hakuna anayekufa."

"Usinifanye mtoto. Nimesomewa."

"Basi nikusomee na mimi."

Akasoma. Mpika sabuni hakuugua hata mafua. Mume wake alimfuata hadi uani kwake, akasimama akikodolea macho masufuria yanayochemka. Mpika sabuni alimpa maji ya kunywa, akamsikiliza, akamwambia akitoka afunge lango. Kisha akaendelea kukoroga. Hapo riwaya ilikwisha.

Msusi alimwambia arudie. Muuguzi akarudia. Mshonaji alishika mdomo. Mistari ambayo msusi alimsuka muuguzi jioni ile ilibana hadi nyusi zikapanda. Aliomba kitabu kibaki hapo mpaka kesho.

Kesho yake wifi alikuja na furaha zake, anataka kupendeza mbele ya wazee. Msusi alimkaribisha vizuri, akamfumua, akamsuka upande wa kulia wote. Alipofika katikati ya kichwa aliweka chanuo chini.

"Toa riwaya yetu, wifi. Nataka kuusikia ule mwisho tena."

"Ule wa huzuni hivyo? Tuache, utakuharibia siku."

"Iharibike."

Wifi alifungua zipu. Alipoinua macho alimwona mshonaji ameketi mbele yake, kitabu kilekile kimefunguliwa mapajani, kidole kiko kwenye mstari wa kwanza. Wifi alielewa. Alishika upande wa kichwa uliokuwa umetimka, akautazama mlango, na nje watu walikuwa wanapita.

"Soma," msusi alisema. "Kama kilivyoandikwa. Ukiongeza neno lako, unaondoka hivyo ulivyo."

Wifi akasoma. Ile sauti tamu ilikuwa imekwisha. Alisoma masufuria, akasoma maji, akasoma lango. Alipomaliza kidole cha mshonaji kilikuwa kimefika chini pamoja naye.

"Ulinitungia kifo," msusi alisema. "Ulikaa kwenye kiti changu, nikakushika kichwa, ukanitungia kifo ili nirudi kwa kaka yako."

"Siyo kwa ajili yake."

"Kwa ajili ya nani? Yangu?"

Wifi aliongea akiwa ameinamia mkoba. "Tangu uondoke yuko kwangu. Nampikia mimi, namfulia mimi. Anasema ninasoma sana ndiyo maana sina adabu. Vitabu vyangu vyote kavitia chooni, kimoja baada ya kingine, na mimi nimesimama pale. Hiki kimepona kwa sababu kilikuwa mkobani."

Msusi alimtazama shingo kwa nyuma, na huruma haikuja. Ilikuja hasira mpya, iliyotulia kuliko ya kwanza.

"Kwa hiyo ulijua," alisema. "Ulijua machanuo yangu yaliishia wapi, na vitabu vyako ukaviona vikiishia hapohapo. Na bado ukataka mimi ndiye nirudi nikae pale badala yako."

"Ndiyo," wifi alisema.

Msusi aliokota chanuo. Akamsuka upande wa kushoto wote, mstari kwa mstari, mizuri kama ya kulia, kwa sababu hakuwa tayari kichwa kibovu kionekane kimetoka mikononi mwake. Hakumwonea wala hakumbembeleza. Alipomaliza alimpa kioo. Wifi hakujitazama.

"Kesho waambie wazee sirudi. Wewe ndiye utakayesema, siyo mimi. Unajua kutunga, tunga maneno mazuri."

Wifi alisimama, akakirudisha kitabu mkobani. Msusi alinyoosha mkono.

"Kiache."

"Sina kingine, wifi."

"Ndiyo maana nasema kiache. Weka pale kwenye rafu ya mafuta. Na ukipata kingine, usikipeleke nyumbani, kilete hapa."

Wifi alikiweka rafuni, akakinyoosha kikae sawa na mikebe. Alikuwa ameshafika mlangoni msusi alipomalizia.

"Lakini wewe hutanisomea tena."