Mjukuu Wangu na Ile "Ai" ya Kiingereza

Nyinyi vijana mtakaosoma hapa, wekeni simu pembeni kwanza. Mimi niliishia darasa la tatu, na nusu ya darasa lenyewe nilikuwa machungani na ng'ombe wa baba, kwa hiyo msinitafutie makosa ya mwandiko. Nataka kuwaeleza juu ya Kiingereza. Najua mtacheka. Chekeni, mkimaliza someni.

Mwaka huu Kiingereza kimesemwa uani kwangu, hapa Buhongwa, mpaka dagaa niliokuwa nawaanika walikaribia kukijua. Chanzo ni mjukuu wangu, binti wa binti yangu mkubwa, niliyemlea tangu hajaota meno. Amemaliza kidato cha nne, akasomea mambo ya hoteli mwaka mmoja, akafanya mazoezi ya kazi kwenye nyumba moja ya wageni kule Nyegezi, karibu na stendi. Anachotaka ni kazi ya mapokezi. Kusimama pale mbele, kukaribisha wageni, kuwapa funguo. Hataki kuuza vitenge, hataki kuolewa kwanza, na dagaa wangu ndiyo kabisa hawataki. Sawa.

Akaitwa kwenye usaili, hoteli moja ya ufukweni. Nikamwambia mjomba wake, mwanangu wa mwisho, fundi pikipiki, amsindikize. Kwetu msichana haendi kuomba jambo peke yake, lazima awepo mtu mzima wa kumsemea. Iwe shule, iwe hospitali, ndivyo tulivyofanya siku zote. Saa sita haijafika wakawa wamerudi. Binti macho mekundu, mjomba anachekacheka.

"Imekuwaje?"

"Mama, mambo mazuri. Maswali mengine nimemsaidia."

"Umemsaidia wewe? Wewe uliyeshindwa kuomba ruhusa ya chooni kwa Kiingereza mpaka ukarudi nyumbani umelowa?"

"Nilisema kwa Kiswahili, mama. Pale nje, kabla hajaingia. Nikamweleza bosi kwamba binti yetu ni mchapakazi."

Binti akasema kule ndani aliambiwa ajieleze kwa Kiingereza, akakwama. Wakamwonea huruma, wakamwambia akajinoe, arudi baada ya wiki mbili. Akishindwa tena, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Nikaenda kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, mama wa Kihaya. Sipendi kuomba watu, lakini nilikwenda. Kila alasiri akawa anakuja na kigoda chake, mjukuu anasimama mbele yake, mimi nachambua dagaa.

"Ai go," anasema mwalimu.

"Ai go."

"Yu go."

"Yu go."

"Shi gozi."

Siku ya kwanza nilivumilia. Ya pili nikashindwa.

"Mwalimu, huyo shi amefanya nini mpaka neno lake liote mkia?"

"Ndivyo kilivyo, bibi. Mtu mmoja ambaye hatuongei naye, tunamsema tu, lazima umwekee hiyo zi."

"Yaani tunayemsengenya ndiye anayeongezewa?"

Mwalimu alicheka mpaka kigoda kikalia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nauliza.

Kisha yakaja ya hi na shi. Mjukuu anaeleza habari za mama mwenye ile nyumba ya wageni ya Nyegezi, anasema hi. Anarekebishwa. Hatujapumua, hi tena. "Huyo mama ameota ndevu lini?" mwalimu akamuuliza. Nikasema heri sisi. Tukisema anakuja, anakuja, kama ni mwanamume au mwanamke mtamwona akifika. Tena neno letu ni moja, mtu yumo humohumo na kazi yake, kama mtoto mgongoni kwa mama. Wao wanamtoa mtu nje, wanamsimamisha peke yake mbele ya kazi. Ai hivi, ai vile, kila wanapofungua mdomo. Ukimsahau mara moja tu, unaambiwa umeharibu. Watu gani hawa wasiochoka kujitaja!

Wiki ya pili ilipoingia, kukariri alikariri kama maji. Basi mwalimu akajifanya meneja, akamwambia aeleze kazi aliyofanya Nyegezi. Binti akaanza. Wi hivi, wi vile. Mwalimu akanifasiria: tulipokea wageni, tulitunza funguo, tulimtafutia mgeni begi lake lililosahaulika kwenye basi.

"Nyinyi na nani?" mwalimu akauliza.

Nikatupa dagaa chini. "Ulikuwa na nani, we mtoto?"

"Peke yangu, bibi. Mwenye nyumba alikuwa msibani."

"Sasa hiyo tuli-tuli ya nini?"

Akaanza kuchora mchanga kwa kidole cha mguu. "Nikisema ai, ai, naona kama najisifu. Naona nakukosea wewe."

"Mimi nimeingiaje kwenye Kiingereza chenu?"

"Si wewe unasemaga mimi-mimi ni sauti ya mbuzi? Na mjomba kule alishasema yote, binti yetu hivi, binti yetu vile. Nikaona nikianza kujisemea namvunjia heshima."

Mwalimu akanitazama. Sikupenda alivyonitazama.

Lakini ni kweli. Watoto na wajukuu wote waliopita mikononi mwangu nimewalea hivyo. Mgeni akimuuliza mtoto yuko darasa la ngapi, najibu mimi. Daktari akimuuliza anaumwa wapi, najibu mimi, tumbo, na tumbo lenyewe si langu. Mama yangu alinijibia mimi mpaka siku naolewa. Nilijua ndiyo adabu, na mpaka leo sijaona adabu nyingine iliyo bora.

Sikuomba msamaha. Nilisema, "Simama sawasawa. Niambie habari za hilo begi kwa Kiswahili, na uanze na mimi."

"Mimi... nilipiga simu stendi."

"Sikusikii!"

"Mimi nilipiga simu stendi! Mimi nilimpata kondakta! Mimi nilipanda gari mpaka Usagara kulichukua!"

Habari hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia. Miezi minne imekaa ndani ya huyu mtoto, tunakula sahani moja. Hasira zilinipanda, na pa kuzipeleka sikupaona.

"Haya," nikasema, "sasa igeuze Kiingereza."

Siku ya kurudi hotelini, mjomba akatoka chumbani amevaa shati lake la harusi.

"Unakwenda wapi?"

"Kumsindikiza, mama."

"Kaa chini."

"Msichana peke yake? Watu watasemaje?"

"Watasema amekwenda kuomba kazi. Kaa."

Akakaa, amenuna kama chura. Mimi nilichambua dagaa walewale mara tatu. Saa nane binti akaingia, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini.

"Bibi, naanza Jumatatu. Miezi mitatu ya majaribio kwanza. Yule mama wa Nyegezi nimemwita hi mara mbili, meneja akacheka. Lakini begi lote nimelieleza."

Nikamwambia akanawe miguu, ale.

Hajamaliza ugali, mwalimu akabisha hodi. Binti akainuka kumwamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Enhe, mwanangu, wamekuuliza nini?"

"Walimuuliza mambo ya begi, mwalimu!" mjomba akadakia. "Akawajibu barabara, yaani..."

Nami, Mungu ananiona, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumsaidia. Nikaufunga. Nikagonga sufuria kwa mwiko, nyumba nzima ikageuka kunitazama.

"Kuanzia leo," nikasema, "akiulizwa mtu kwenye nyumba hii, mkubwa kwa mdogo, anajibu aliyeulizwa. Atakayedakia ataosha masufuria ya dagaa wiki nzima. Wewe fundi, sabuni iko dirishani, anza sasa hivi."