Ndama Aliyevishwa Ngozi

Mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu afariki nikiwa sijaanza kutembea, anafuga ng'ombe wachache Luberizi. Mwaka jana alinipigia simu niende kumsaidia. Ng'ombe wake mmoja alikuwa amefiwa na ndama, amekataa kukamuliwa, na mchana kutwa analia.

Nilitoka Uvira kwa pikipiki. Nilikuta mchunga ng'ombe ameshamchuna ndama aliyekufa, anaifunga ngozi yake mgongoni mwa ndama mwingine, yatima. Ilikuwa bado mbichi, imejaa nzi. Tukamsukuma yule yatima hadi kwa ng'ombe. Ng'ombe akamnusa mkiani, akaacha kulia. Kisha akaanza kumlamba, na maziwa yakashuka.

Nilicheka. "Maskini, amedanganywa!"

Mama mdogo hakucheka. "Weye pia tulikufanya hivyo."

"Mimi?"

"Tulipotoka makaburini ulikataa chupa. Ulilia mpaka sauti ikakauka. Bibi yako akanifunga kitenge cha mama yako, kilikuwa hakijafuliwa. Ukakinusa, ukanyonya, ukalala. Toka hapo ukawa mutoto wangu."

Nilimtazama mikono, uso, kana kwamba jibu lingekuwa hapo. Siku zote nilidhani nampenda kwa sababu ni yeye. Kumbe nilianza kwa kupenda jasho la mtu mwingine. Harufu ile iliisha lini, na yeye akaanza lini?

"Mama, na wewe ulinipenda siku ileile?"

"Hapana. Ulikuwa unaniogopesha, na minye nilikuwa nataka kuolewa." Akafikiri kidogo. "Siku moja ulishikwa na homa, nikajikuta natetemeka. Labda ni siku hiyo. Sijui."

Nilibaki kwake. Ngozi ilipoanza kuoza, mchunga aliifungua, nasi tukarudi nyuma tukingoja teke. Ng'ombe alimnusa ndama kwa muda mrefu. Akainua kichwa, akatutazama mmoja mmoja, kisha akatanua miguu ili ndama anyonye.

"Amezoea tu," mchunga alisema.

"Hapana, anajua si wake," mama mdogo akamjibu. "Alijua toka mwanzo."

Walibishana hadi maziwa yakapoa ndooni. Mimi sikumuunga mkono yeyote. Nilirudi Uvira na bidoni lililojaa maziwa mapajani, na hadi leo nikiulizwa nani kati yao alikuwa sahihi, nabadilisha jibu kila mara.