Tiketi Mbili za Mwalimu Aristote

Ernestine, fundi cherehani wa karibu na soko la Kasongo, alikaa Kinshasa miezi miwili akimuuguza mume wake, Mwalimu Aristote, ambaye figo zilikuwa zimemshinda. Mwalimu alipofariki, Ernestine hakulia. Alikunja suruali zake, akaosha sahani aliyokuwa akimlishia, akamuuliza muuguzi aiweke wapi. Watu walisema amejikaza. Yeye alisikia tu masikio yamejaa, kama mtu aliyetoka kuzama mtoni.

Mambo ya safari alimwachia Nathanaël, mdogo wa marehemu. Wakaenda pamoja kwenye ajansi ya ndege. Karani aliwaeleza kuwa kuna njia mbili. Jumamosi kulikuwa na tiketi moja ya safari nzima, kutoka Kinshasa hadi Kasongo, kwa kubadilisha ndege Kindu. Ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ndiyo ingetafuta namna ya kuwafikisha wao na sanduku la maiti. Au waondoke kesho yake, Jumatano, na kampuni ya bei rahisi hadi Kindu, kisha wachukue tiketi ya pili ya kindege kidogo cha kampuni nyingine, saa tisa alasiri.

"Na kule Kindu, sanduku itapita yenyewe?" Nathanaël akauliza.

"Hapana, papa. Mutaichukua kama mizigo yenu, muende muiandikishe upya. Hizi kampuni mbili hazijuani."

"Iko masaa ngapi katikati?"

"Manne."

"Inatosha. Kasongo wamekwisha chimba kaburi. Shemeji, unasema je?"

Ernestine alikuwa anatazama feni iliyosimama ukutani. "Fanya vile unaona," akajibu.

Jumatano mvua ilinyesha Kinshasa asubuhi nzima. Walitua Kindu saa kumi kasoro robo. Sanduku lilishushwa kati ya magunia ya vitunguu na televisheni ya mtu, likiwa na kikaratasi cha namba kama mizigo mingine. Kindege kilikuwa kimekwisha ondoka.

"Tuliwaita majina mara tatu," akasema mfanyakazi wa kampuni ya pili. "Tiketi yenu imekufa."

"Lakini si sisi tulichelewa! Ni ile ndege!"

"Basi, uliza wenye ile ndege."

Wenye ile ndege nao walikuwa na jibu lao. "Tiketi yetu iliandikwa Kindu, papa. Kindu ndiyo hapa."

Kindege kingine kingekuja baada ya siku tisa, na nafasi ya sanduku hakuna aliyeiahidi. Lori la kwenda Kasongo lilikuwa limenasa kwenye matope tangu Jumapili. Nathanaël alikaa chini, mgongo ukutani, akaanza kulia kwa sauti.

"Ni mimi, shemeji. Nilitaka haraka."

Ernestine alimpa kitambaa chake cha kichwa ajifute. 

Mwalimu alizikwa Kindu siku ya Ijumaa. Parokia moja iliwapa waimbaji na wanaume sita wa kubeba, watu wasiomjua. Padri aliuliza jina la marehemu mara mbili. Walipotoka makaburini, Ernestine alimpigia simu binti yake, Estelle, Kasongo.

"Mama, tuko tunawangoja. Watu wamejaa hapa."

"Musingoje. Tumemuzika huku."

Estelle akauliza, "Na lile shimo?"

"Mulifukie."

Nathanaël alirudi Kinshasa. Ernestine alisubiri Kindu hadi siku tisa zikatimia, akapanda kindege peke yake. Alipofika Kasongo, matanga yalikuwa yamekwisha na viti vya kuazima vimerudishwa. Wageni waliokuja kumpa pole walitaka kujua kaburi liko wapi, naye akawaelekeza, barabara hii, kisha ile, kama anayeeleza njia ya kwenda dukani. Juma lililofuata alikaa tena kwenye cherehani.

Mwaka wa shule ulipokaribia, jirani yake Marcellin alikuja kushonesha shati. Alikuwa anampeleka mama yake Kinshasa kutibiwa macho.

"Mama Estelle, samahani kukuuliza. Wananiambia tiketi mbili ni rahisi."

"Ni rahisi," akasema Ernestine. "Nunua ile moja ya safari nzima. Ukikosa, nunua mbili, lakini mulale Kindu siku mbili katikati."

 Ernestine alikunjua futi yake ya kupimia.

"Geuka, papa, nipime mabega."